Kitabu Kikigoma Shambani: Mwongozo Kamili wa Kujifunza Kazini kwa Majaribio Madogo

Mwongozo huu nimewaandikia maafisa wa kilimo wa nyanjani wa Magharibi na Nyanza, nchini Kenya, wale wa pikipiki na buti za mpira, ambao wamehudhuria semina hadi wakachoka lakini bado wadi zao zina maswali ambayo hakuna semina iliyowahi kuyajibu. Mwalimu wa Kisumu au muuguzi wa zahanati huko Busia anaweza kuutumia pia. Abadilishe tu shamba liwe darasa, au liwe foleni ya kliniki. Mimi nitabaki shambani kwa sababu huko ndiko ninakokujua.

Kazi yetu tumefundishwa kama kazi ya kupeleka ujumbe. Utafiti unatoka kituoni, unapita ofisi ya kaunti, unatufikia, nasi tunaufikisha kwa mkulima. Mkulima asipoufuata tunasema ni mbishi. Utaratibu huo unafaa kwa mambo fulani, na kwa mengine haufai kabisa. Afisa asiyejua kuyatenganisha atastaafu na kile kile alichotoka nacho chuoni. Hapa nitaeleza jinsi ya kuifanya wadi yako iwe mahali pa kujifunzia, kwa majaribio madogo, daftari na vikao vya kutafakari. Msimu mmoja unatosha kuanza.

Hatua ya 1: Panga matatizo yako kwa aina

Keti na karatasi uandike kila jambo linalokusumbua katika wadi, hata yale ya kudharaulika. Usiyapange kwa ukubwa. Yapange kwa kuuliza: je, uhusiano wa chanzo na matokeo unaonekana, au hauonekani mpaka mambo yawe yamekwisha kutokea?

Swali hilo ndilo kiini cha mchoro uitwao Cynefin, ambao Dave Snowden wa Wales alianza kuuchora mwaka 1999 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM. Umetumika tangu hapo katika serikali, hospitali na miradi ya maendeleo. Mchoro wenyewe una maneno mengi. Sisi tunahitaji mafungu yake manne tu.

La kwanza ni mambo ya wazi. Kukausha mahindi ni mojawapo. Yakaushe hadi unyevu wa asilimia 13.5 ndipo uyahifadhi, la sivyo ukungu wa sumukuvu utakutangulia. Mkulima asiye na mashine ya kupimia anaweza kuchukua chupa kavu ya kioo, akatia mahindi na chumvi iliyokauka, akatikisa, kisha akaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi, na yarudi juani. Jambo la namna hii halihitaji tafakari wala kikao. Fundisha, rudia, kagua, nenda zako.

La pili ni mambo magumu yanayohitaji mtaalamu. Mahindi yamedumaa, majani yana rangi ya zambarau, na mbolea ilitiwa. Huenda udongo una asidi nyingi. Udongo wa sehemu nyingi za Magharibi uko hivyo, na pH (kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ikiwa chini ya 5.5 fosforasi hufungwa udongoni mmea usiweze kuifikia. Jibu lipo, ila wewe huna macho ya kuliona; maabara ya udongo inayo. Peleka sampuli, upate kiasi cha chokaa. Kubahatisha hapa ni kumpotezea mkulima pesa.

La tatu ni mambo changamano, na hapa ndipo mwongozo huu unapofanya kazi. Kikundi kimoja kimeshika mbinu fulani, kikundi cha ng'ambo ya mto kimeiacha, na wote mliwafundisha siku moja. Vijana wanakodi mashamba lakini hawataki kutia samadi. Hapa bei, mvua, ndoa, ng'ombe wa jirani, kumbukumbu ya mradi uliopita na maneno ya mama mkwe vinasukumana, na kila kimoja kikisogea vingine husogea pia. Hakuna mtaalamu mwenye jibu, hata yule wa kutoka Nairobi. Utalipata kwa kujaribu tu, na ukishalipata linaweza kubadilika msimu ujao.

La nne ni vurugu. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya, watu Magharibi walimwaga majivu, mchanga, maji ya sabuni ya unga, pilipili, chochote kilichokuwa karibu, kwenye koo la mahindi. Katika hali kama hiyo unatenda kwanza, unazuia kinachoweza kuzuiwa, kisha ukipata pumzi unarudi kupanga. Si wakati wa utafiti.

Shida kubwa ninayoiona kwenye ofisi zetu ni kuyachukua mambo ya fungu la tatu na kuyatendea kama ya fungu la kwanza: wasipofuata, wafundishwe tena. Na tena. Kwa sauti ya juu zaidi.

Hatua ya 2: Chagua swali moja na uandike utabiri

Kutoka fungu la tatu chukua tatizo moja. Nitatumia hili kama mfano hadi mwisho: wakulima wanapanda vuta-sukuma msimu wa kwanza, na msimu wa pili desmodiamu haipo tena.

Kwa asiyeifahamu mbinu hiyo, iliundwa katika miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kwa ushirikiano na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa kilimo wa hapa Kenya, Profesa Zeyaur Khan akiwa mmoja wa viongozi wake. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao pia ni malisho ya mifugo, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo wa funza wa mabua. Nyasi za nepia au brakiaria hupandwa pembezoni, nao nondo huvutwa huko. Zaidi ya hayo, mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ile kayongo ya Wajaluo yenye maua ya zambarau, zikaota bila kupata mzizi wa kunyonya, zikafa. Mmea mmoja wa striga hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo mkulima anayeng'oa desmodiamu baada ya msimu mmoja ameacha dawa kabla homa haijashuka.

Sasa uliza swali linaloweza kujibiwa na macho. "Kwa nini wakulima hawabadiliki?" si swali, ni manung'uniko. "Desmodiamu inapotea lini, mikononi mwa nani, na nini kikifanyika inabaki?" hilo ni swali.

Halafu andika utabiri wako kwa kalamu, na tarehe, kabla hujafanya lolote. "Nadhani inapotea wakati wa palizi ya kwanza kwa sababu hawaitambui." Watu wengi huruka kipengele hiki wakidhani watakumbuka. Hutakumbuka. Akili ya binadamu ikishaona matokeo hujiaminisha kwamba iliyajua tangu mwanzo, na hapo umejifunza nini? Kujifunza kunapatikana katika pengo kati ya ulichotarajia na ulichokiona, na pengo hilo haliwezi kupimwa kama upande mmoja haukuandikwa.

Hatua ya 3: Tunga majaribio kadhaa yanayopingana

Tumezoea kuchagua wazo moja zuri na kulitia nguvu zote. Kwa jambo changamano, fanya kinyume. Tunga majaribio matatu hadi matano, madogo, yaende kwa wakati mmoja, na kila moja lisimame juu ya dhana tofauti. Ikiwezekana dhana hizo zigongane, kiasi kwamba moja likifaulu liwe limelitilia shaka jingine.

Kwa desmodiamu yetu, tuseme:

Dhana ya kwanza, mbegu ni ndogo mno, inachelewa kuota na inafanana na magugu. Jaribio: panda kwa vipando vya mashina badala ya mbegu, mistari ionekane mapema.

Dhana ya pili, palizi ya msimu wa kwanza ni nzito kwa mtu mmoja. Jaribio: kikundi kipalilie kwa zamu, shamba moja hadi jingine, kama wanavyofanya wakati wa kuvuna.

Dhana ya tatu, watu wanataka maharagwe yao. Desmodiamu imekaa mahali ambapo mama alikuwa akipanda maharagwe ya mboga, na hakuna aliyemuuliza. Jaribio: maharagwe yapandwe shimo moja na mahindi, desmodiamu ibaki katikati ya mistari.

Dhana ya nne, asiye na mifugo haoni faida ya majani. Jaribio: muunganishe na jirani mwenye ng'ombe wa maziwa au mbuzi, anunue majani kwa bei watakayoelewana.

Angalia kwamba la kwanza linasema tatizo ni mmea, la pili linasema ni jasho, la tatu ni sufuria, la nne ni mfuko. Ukifanya moja tu utapata "imefaulu" au "haikufaulu". Ukifanya yote utaanza kuona umbo la tatizo lenyewe.

Jaribio liwe dogo kiasi kwamba likianguka hakuna atakayelala njaa. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 kinatosha. Ekari moja ina viwanja kama hivyo 40 hivi. Kabla ya kukubaliana na mkulima jiulize: hili likiharibika kabisa, nyumba hii itakosa nini? Jibu likiwa chakula au karo, punguza kiwanja au tafuta mtu mwingine. Mshahara wako unaingia mwisho wa mwezi mvua inyeshe isinyeshe, wake hauingii. Na mwambie waziwazi kwamba hujui kitakachotokea. Wengine wataona ajabu afisa kusema hajui, lakini mkulima aliyeambiwa ukweli huo ataliangalia shamba lake kwa macho ya mtafiti. Aliyeahidiwa mavuno atakuwa anakungoja wewe.

Kubalianeni mapema pia kuhusu dalili za kusimamisha. Kwa mfano, vipando vikianza kuyafunika mahindi kabla hayajafika kiunoni, vikatwe. Hakuna kungoja simu ya afisa.

Hatua ya 4: Weka ulinganisho wa haki

Mambo mengi yanayoitwa majaribio huko nyanjani ni maonyesho. Mkulima anapewa pembejeo, anapanda mahali pazuri kuliko pote, bango linasimikwa, wageni wanapiga picha. Hakuna linaloweza kujifunzwa hapo.

Jambo la kuogopa zaidi katika mashamba yetu ni rutuba isiyo sawa. Karibu na nyumba ndiko majivu, taka za jikoni na samadi humwagwa mwaka baada ya mwaka. Kadiri unavyoshuka kuelekea mtoni au mpakani, udongo unachoka. Ukiweka mbinu mpya karibu na boma na ya zamani kule chini, umepima samadi iliyomwagwa na nyanya yake, si mbinu yako. Viwanja viwili viwe bega kwa bega, kwenye mwinuko mmoja, umbali ule ule kutoka nyumbani, vilivyolimwa na kupandwa siku moja. Upande upi upate mbinu mpya? Rusha sarafu mbele ya mkulima. Usichague wewe, wala asichague yeye.

Mkulima mmoja hatoshi. Tafuta wanane, kila mmoja na jozi yake ya viwanja kwa jaribio hilo hilo. Kama wadi yako ni kubwa na mafuta ni machache, afadhali majaribio mawili kwa wakulima wanane kuliko majaribio manne kwa wakulima wawili.

Kwa nini wanane? Hesabu yake ni rahisi na itakulinda dhidi ya shauku yako mwenyewe. Tuseme mbinu mpya haina tofauti yoyote na ya zamani, na kila shamba ni kama sarafu tu. Kwa bahati tupu, mbinu mpya itashinda katika mashamba 5 au zaidi kati ya 8 takribani mara 36 katika kila 100. Yaani zaidi ya mara moja katika tatu! Lakini kushinda katika 7 au zaidi kati ya 8 kwa bahati hutokea mara 3 au 4 tu katika 100. Kwa hiyo ukipata 5 kati ya 8, nyamaza, rudia msimu ujao. Ukipata 7, sasa una jambo la kusema kikaoni.

Kupima mavuno: acha mstari wa pembeni kila upande, vuna kilichobaki, kausha pande zote mbili sawasawa, pima kwa mizani. Ikiwa huna mizani, tumia gorogoro ile ile moja kwa mashamba yote, kwa sababu gorogoro za sokoni, kama kila mtu ajuavyo, zina siri zao. Kilo 45 kutoka mita 100 za mraba ni kilo 1,800 kwa ekari, sawa na magunia 20 ya kilo 90. Gawanya kwa eneo ulilovuna hasa, si eneo ulilopanda. Striga uihesabu mmea mmoja mmoja karibu na wiki ya 10 baada ya kupanda, kabla haijatoa mbegu, kisha ing'olewe. Desmodiamu uihesabu baada ya kila palizi, maana ndiyo swali letu.

Hatua ya 5: Daftari

Nunua daftari la kawaida la kurasa 96 na kalamu ya wino. Simu ni nzuri kwa picha, lakini simu ina WhatsApp, na WhatsApp ina ofisi nzima ndani yake.

Andika papo hapo au jioni ile ile. Kila ukurasa uwe na mambo matano: nilichotarajia leo, nilichokiona, nilichoambiwa, nilivyohisi, nitakachofanya. La nne huwashangaza watu. Nilivyohisi? Ndiyo. Ukiudhika, ukiona haya, ukifurahi kupita kiasi, kuna dhana yako imeguswa hapo.

Mfano wa ukurasa mmoja:

"Jumanne, baada ya palizi ya kwanza. Shamba la mama wa karibu na kisima. Nilitarajia: upande wa mbegu umepungua kidogo, upande wa vipando uko sawa. Nilichokiona: vipando vyote vipo. Upande wa mbegu mistari miwili imelimwa safi, haina hata jani. Nilichoambiwa: mama hakulima yeye. Alikuwa na mazishi Butere, akamwita kijana wa kibarua, na kijana hakuambiwa kitu. Nilivyohisi: hasira, halafu aibu, kwa sababu semina tulimpa mama. Nitakachofanya: kuuliza kila shamba ni nani hasa anayeshika jembe."

Soma tena. Utabiri ulikuwa kwamba wakulima hawaitambui desmodiamu, na kwa namna fulani ni kweli, aliyelima hakuitambua. Lakini aliyelima hakuwa mkulima aliyefunzwa. Hapa ndipo tofauti waliyoifafanua wataalamu wa kujifunza kazini, Chris Argyris na Donald Schön, katika miaka ya 1970 inapokuwa na faida. Unaweza kurekebisha kitendo: fundisha vizuri zaidi, leta picha za rangi. Au unaweza kurekebisha dhana iliyokizaa kitendo: tulidhani aliyehudhuria semina ndiye mwenye jembe. Kurekebisha kitendo kungetuletea semina nyingine. Kurekebisha dhana kunakupeleka kwa vijana wa kibarua wanaokaa pale stendi ya boda boda asubuhi wakingoja kuitwa, watu ambao hawamo katika orodha yoyote ya mafunzo ya ofisi yoyote ninayoijua.

Jambo hilo la kibarua halikuwa miongoni mwa dhana zetu nne. Ni kawaida. Jaribio zuri hukuonyesha kitu ambacho hukukiuliza.

Hatua ya 6: Angalia pembeni ya swali

Kazi ya desmodiamu huko Mbita ilianza kama kazi ya funza. Mmea uliwekwa shambani ili uwafukuze nondo. Kisha ikaonekana kwamba mahali ulipo, striga inapungua. Mtafiti aliyetumwa kuhesabu funza angeweza kuhesabu funza wake akaenda nyumbani. Kwamba kuna aliyetazama chini na kujiuliza mbona hapa hakuna kayongo, hiyo ndiyo sababu leo mbinu hiyo inajulikana Magharibi kwa striga zaidi hata ya funza.

Kutazama pembeni kuna utaratibu wake. Mashamba darasa yaliyoanzishwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huko Indonesia mwaka 1989, wakati wakulima wa mpunga walipokuwa wakinyunyiza dawa hadi wakawaua wadudu rafiki, yalikuja na zoezi ambalo baadaye lilifika Bungoma, Kakamega na Busia. Wakulima wanaingia shambani asubuhi kwa vikundi vidogo, wanachagua mimea kadhaa bila kubagua, wanahesabu majani na wadudu, kisha wanachora kila kitu kwenye karatasi kubwa: mmea katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, wadudu rafiki upande mwingine, jua au mawingu juu, udongo chini. Ndipo wanajadili.

Usidharau kuchora. Mtu anayechora mmea hulazimika kuutazama, na mzee asiyejua kusoma huchora buibui vizuri kuliko mwenye diploma. Ongeza kitu kimoja ambacho mashamba darasa mengi hayana: chora watu pia. Nani analima, nani anauza, ng'ombe wa nani wanapita hapa kiangazi. Desmodiamu nyingi inaisha mdomoni mwa ng'ombe wa jirani baada ya mavuno, wakati mifugo inafunguliwa kuzurura, na hilo hutaliona kama mchoro wako una mimea na wadudu tu.

Hatua ya 7: Kikao cha kutafakari

Fanya mara mbili kwa msimu: baada ya palizi na baada ya mavuno. Kaeni shambani au chini ya mti ulio karibu. Ofisini watu huwa na adabu ya ofisini.

Maswali ni manne, na asili yake ni mazoezi ya jeshi la Marekani. Tulitarajia nini? Kilitokea nini hasa? Kwa nini vinatofautiana? Msimu ujao tutabadilisha nini? Yaulize kwa mpangilio huo, na usikubali kuruka la pili. Watu hukimbilia sababu kabla hawajakubaliana juu ya kilichotokea.

Kikwazo cha kweli hapa kwetu ni heshima. Mzee akishasema "mbinu hii ni nzuri," nani atasimama kusema kwake ilikufa? Na wewe mwenyewe, afisa, ni mgeni. Mgeni haambiwi kwamba zawadi yake imeoza. Utarudi na kikao kilichojaa shukrani na hutakuwa umejua kitu.

Njia inayofanya kazi ni kura kabla ya maneno. Weka makopo manne, kila moja na alama ya jaribio lake, nyuma ya nyumba mahali pasipoonekana. Kila mtu apewe punje za mahindi na punje za maharagwe, nne za kila aina. Kwa kila kopo, mahindi maana yake "nitaendelea nalo hata afisa asiporudi," maharagwe maana yake "nitaacha." Mwageni makopo mbele ya wote, hesabuni. Sasa hakuna anayempinga mzee, wanajadili maharagwe. "Kopo hili lina maharagwe mengi, tunaweza kufikiria ni kwa sababu gani?" Kwa kuwa wameulizwa kufikiria sababu za watu wasiojulikana, watazisema za kwao.

Wazee waombe wafunge mjadala badala ya kuufungua. Ni heshima kubwa kuachiwa neno la mwisho, na wakati huo vijana watakuwa wamekwisha kusema. Kwa akina mama, mara nyingi itabidi kikao cha pembeni, saa zao, maana saa nne asubuhi ya siku ya soko si saa yao.

Mashamba yaliyokataa ndiyo uyakalie zaidi. Kama saba yameshinda na moja limeshindwa, nenda kwenye hilo moja ukaketi. Huenda ni udongo. Huenda nepia yake imedumaa kwa ule ugonjwa wa kudumaza nepia ulioenea Magharibi, nondo wakakosa pa kuvutwa. Huenda shamba ni la kukodi, na hakuna apandaye mmea wa kudumu kwenye shamba la mtu. Ukiijua sababu, utajua pia ni nani usimpelekee mbinu hii.

Hatua ya 8: Amua

Lililoonyesha uhai, likuze kidogo kidogo: kutoka wakulima wanane hadi ishirini, si hadi kaunti nzima. Lililoleta madhara, lizime na uwaombe radhi waliobeba hasara. Lisiloeleweka, liache liendelee msimu mmoja bila kulitia mkono. Na jaribio jipya litokane na kile ambacho hukukitarajia. Kwetu hilo ni wazi: kusanya vijana wa kibarua kumi, uwape nusu siku shambani na mche wa desmodiamu mkononi, kisha uhesabu mistari itakayosalia katika mashamba watakayolima, ukilinganisha na yale wasiyolima wao.

Hatua ya 9: Ripoti

Ofisi inataka idadi ya waliofunzwa. Ipe, usigombane. Lakini kwenye ile sehemu ya mwisho ya fomu, "changamoto na mapendekezo," ambayo sote tumezoea kuandika "uhaba wa usafiri," andika sentensi tatu: tulitarajia hivi, ikawa hivi, msimu ujao tunajaribu hivi. Wakubwa wachache husoma sehemu hiyo. Watafute hao.

Uwe mwangalifu na neno "imefaulu." Ripoti ikishasema hivyo, kuna mtu atataka mbinu hiyo ipelekwe kaunti ndogo zote kabla ya mvua, na wewe ndiwe utakayekabidhiwa mbegu.

Hatua ya 10: Kulipeleka kwingine

Mwenzako wa Njoro au Siaya akikupigia kuuliza ulifanyaje, usimpe jibu lako. Kule Njoro striga si tatizo lao, mashamba ni mengine, baridi ni nyingine. Mpe swali, mpe jinsi ulivyoweka viwanja, na mpe orodha ya mambo yaliyokushangaza. Kama anataka, mtembeleane, kila mmoja asome daftari la mwenzake kwa sauti na mwenye daftari anyamaze mpaka ukurasa uishe. Ni vigumu kuliko inavyosikika.

Kuhusu kalenda: anza Januari kupanga matatizo na kuandika utabiri, Februari kutafuta wakulima na kurusha sarafu, mvua ndefu zikifika Machi uwe tayari. Wanaotegemea mvua fupi waanze kazi hiyo Juni. Ukipata uhamisho katikati ya msimu, kama inavyotokea, nakili kurasa zako za majaribio na umkabidhi anayekuja daftari lenyewe mkononi, mkiwa shambani, mbele ya wakulima wenye viwanja, ili wamweleze wao wenyewe upande upi ni upi.